Mstari wa Pili wa Muhuri

Asubuhi, benchi la jiwe lililo ndani ya lango la Beth-Zera ni la wazee wa mji na kesi zao. Jua likishapinda na kivuli kikalala upande wa kushoto, benchi linarudi kwa wenyewe. Wenyewe ni watatu. Yuko Kipara, anayezijua koo zote za mji na kuzitaja hata kama hajaulizwa. Yuko Kiroboto, mshona viatu, mtu mdogo asiyetulia mahali pamoja wala kwenye hoja moja. Na yuko Mabega, mkulima wa zeituni, ambaye nyumbani anaitwa Hoshaya. Msikilizaji kuliko msemaji, alipewa jina hilo la benchini kwa sababu akipita kwenye kilango kidogo na gunia hulazimika kupita kiubavu. Anayewahudumia ni Mama Zakuri, muuza divai kali iliyopunguzwa kwa maji, na ngano ya kukaanga, chini ya kitambaa cha singa za mbuzi. Siku hiyo, msimu wa kukamua ukiwa umekwisha na mvua ya kwanza haijanyesha, palikuwa na mgeni: mchonga mihuri kutoka Yerusalemu. Mafuta ya mji yalikuwa yanaondoka kesho yake kwenda ghala la mfalme, na safari hii agizo lilikuwa kwamba kila mtungi uzibwe kwa udongo, na udongo ugongwe muhuri wa mwenye mtungi. Fundi alikuwa ametandika ngozi chini, karibu na miguu ya wanabenchi, akikwangua vijiwe vidogo kama kunde.

— Mimi muhuri wa kazi gani? Kiroboto alisema. Eti donge la udongo ndilo liwaambie watu mimi nani? Mji huu, mtu akisikia nyundo inapigwa huku inatukanwa, anajua ni mimi.

Kipara alipiga funda moja, akafuta ndevu.

— Wewe hujulikani kwa nyundo. Unajulikana kwa baba yako. Wewe ni Rekemu mwana wa Heldai, mwana wa Asieli, mwana wa Yoezeri aliyechimba kisima cha juu.

— Na huyo Yoezeri alijulikana kwa nini?

— Kwa kisima.

— Haa! Mmesikia wenyewe? Kwa kisima, si kwa baba.

— Kisima alikichimba kwenye shamba la baba yake, mjinga wewe.

— Basi kwa shamba!

— Jina jema hung'ara gizani, Kipara alisema, kama mtu aliyefunga kesi.

— Ndiyo maana kichwa chako kinang'ara mchana tu.

Fundi alicheka peke yake bila kuinua macho. Kipara akamgeukia, maana alikuwa amemngojea aingie kwenye mazungumzo tangu chakula cha mchana.

— Usitushangae, mgeni. Kwenu Yerusalemu watu wamejaa kama siafu, lazima mkumbushane kwa mawe. Sisi hapa mtoto akizaliwa, kabla hajanyonya mara ya pili, mji wote unajua ni wa nani, wa shamba lipi, na pua ameichukua kwa nani. Hapa hatupotezi mtu. Mtu wetu akifa, jina lake linabaki mahali pake kama jiwe la mpaka. Hata wewe nikijua baba yako nitakuwa nimekujua. Mwana wa nani?

— Wa Ranani.

— Ranani yupi?

— Ranani wa mtaa wa wafinyanzi.

— Simjui, Kipara alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi usio na chumvi, na ikaonekana kwamba anamlaumu kidogo huyo Ranani.

Hoshaya alicheka pamoja na wenzake, lakini jicho lake halikuondoka kwenye kijiwe chekundu kilichokaa peke yake kwenye kona ya ile ngozi. Kijiwe hicho alikiagiza yeye. Kilikuwa cha Ahikamu, kijana aliyemlea, ambaye mwaka huu kwa mara ya kwanza alikuwa amekamua zeituni za shamba lake mwenyewe, na mitungi yake sasa ilikuwa inakuja langoni ikiwa ya mtu mzima. Asubuhi fundi alimwuliza Hoshaya aandike nini, naye akamjibu achonge mstari wa juu, jina la kijana, kisha angoje. Kule chini, panapokaa jina la baba, pabaki patupu. Alisema atarudi kumwambia. Alikuwa amerudi zamani, yuko benchini, umbali wa mkono, na hajamwambia.

Jambo lenyewe mji mzima ulilijua. Hoshaya alikuwa na kaka yake, Pelatia, aliyeoa na kufa kabla ya kupata mtoto. Hoshaya akamchukua mjane, Atara, kama inavyompasa ndugu, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa akasimama kwa jina la marehemu, arithi shamba la marehemu, ili jina lisifutike. Atara mwenyewe ndiye aliyempa mtoto jina akiwa bado kwenye mkeka: Ahikamu, yaani ndugu yangu ameinuka. Siku ile Hoshaya alilia kwa furaha mbele ya watu. Alikuwa kijana, alidhani wana wengine watakuja nyuma kama mbuzi wanaotoka zizini, na wa pili atakuwa wake. Wakaja mabinti, wote wazuri, wote wameolewa miji mingine. Hakuja mwana wa pili.

— Nyie wanaume mnanichekesha, Mama Zakuri alisema akimimina. Mwana wa fulani, mwana wa fulani, kana kwamba walizaa wao. Nani alimwita Zakuri Zakuri? Ni mimi! Jasho halijanikauka. Baba yake aliporudi shambani akaambiwa, karibu mzee, mwanao anaitwa Zakuri. Akasema asante.

— Lakini akiitwa langoni, anaitwa kwa baba, Kipara alisema.

— Anaitwa kwa baba na anakuja kwa mama. Na mimi mwenyewe mnaniitaje? Si kwa mwanangu? Basi hapa kuna mtu aliyegeuza huo ukoo wako juu chini, na ukoo haujavunjika.

— Kwani jina lako wewe hasa nani? Kiroboto aliuliza.

— Lingekuwa linakuhusu ungekuwa unalijua.

— Tazama! Miaka yote hii nakunywa kwa mtu nisiyemjua!

— Unakunywa, unajulikana, na hulipi. Tulia.

Kiroboto alihamia upande wa pili wa benchi, ambako hoja huwa zinamjia mpya.

— Mimi nawaambia mtu ni harufu. Ndiyo. Mbuzi hajui ukoo, lakini jioni kila mmoja anakwenda kwa mwenyewe. Kwa nini? Harufu! Wangetaka kuziba mitungi sawasawa, kila mtu angeifuta kwa kwapa lake.

— Mfalme angekufa, Mama Zakuri alisema.

— Jina si harufu, Kipara alisema. Jina ni mzigo. Lina uzito. Mnamkumbuka punda wa Berekia? Yule aliyegoma pale kwenye mteremko? Walimpiga, wakamvuta, wakamwimbia. Hakwenda. Marehemu mjomba wangu akamwinamia sikioni, akamtajia punda aliyemzaa na punda aliyemzaa huyo. Akaondoka mbio mpaka Hebroni.

— Punda akatajiwa ukoo?

— Punda wa ukoo mzuri, bwana. Shukrani ya punda ni mateke.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa miguu minne.

Hata fundi aliweka chombo chini ili acheke vizuri. Kiroboto, ambaye hakubali kushindwa kwa punda, akainua mkono.

— Hilo dogo. Kule Misri, nilisikia kwa mtu wa ngamia, jina la mtu likifutwa kwenye jiwe la kaburi lake, huko alikokwenda hali chakula. Mkate uko mbele yake, nyama iko mbele yake, mdomo haufunguki. Anakaa anatazama sahani.

— Hao wana mambo yao, Kipara alisema. Kwetu kuzimu hakuna sahani. Kwetu watu wamelala kimya gizani, wote wanasikiliza huku juu. Mtu akitajwa jina langoni, kule chini anapata nafasi ya kugeuka. Asiyetajwa hageuki. Analalia ubavu huohuo mmoja, mpaka dunia iishe.

— Ndiyo maana! Nilimwota babu analalamika mgongo!

— Kwa hiyo mtaje.

— Asieli! Kiroboto alipiga kelele akielekea ardhini. Asieli mwana wa Yoezeri! Geuka, mzee! Geuka!

Askari wa juu ya lango akachungulia kuona kuna nini, akawaona ni wao, akarudi zake. Benchi zima lilikuwa linacheka, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na majivuno ya kweli. Maana hakuna aliyekuwapo pale ambaye hakuweza kurudi nyuma, baba kwa baba, mpaka siku ile mababu walipogawana vile vilima kwa kura. Watu wachache, mji mdogo, ukuta umebomoka upande mmoja, lakini kila mmoja alisimama juu ya mabega ya mtu anayemjua kwa jina. Hoshaya alilihisi hilo kama wenzake. Ila safari hii lilimchoma. Alijiuliza, atakapokuwa kule chini, nani atamgeuza yeye.

— Wazee wangu, fundi alisema hatimaye. Mnazungumza vizuri, ningeweza kuwasikiliza mpaka kesho. Lakini jua halinisubiri, na jicho langu haliwezi kazi hii giza likiingia. Jiwe moja limebaki. Nimeshaandika “Ya Ahikamu.” Mstari wa pili mwenyewe aliniambia nisubiri.

Akamtazama Hoshaya. Wote wakamtazama Hoshaya.

— Usubiri nini? Kipara aliuliza. Mwana wa Pelatia. Nani asiyejua?

Hoshaya alitazama kijiwe. Alikuwa akizungusha bakuli lake la divai viganjani. Mama Zakuri, ambaye huwaelewa watu kwa mikono yao, alikuwa wa kwanza kuacha kutabasamu.

— Mabega, Kiroboto alisema taratibu, na taratibu si kawaida yake. Unataka kuweka la kwako?

— Sijasema hivyo.

— Hujasema. Ndiyo nakuuliza.

— Nimemlea, Hoshaya alisema. Nimempalilia shamba lake tangu hajui kushika jembe. Shamba langu napalilia jioni, lake asubuhi, kwa sababu asubuhi mtu ana nguvu. Nikifa, langu litawafuata wakwe zangu, na wao wana majina yao. Mvulana nina mmoja. Si kama nalalamika. Nasema tu nina mmoja.

— Asiye na mwana aeleke jiwe, Kiroboto akasema.

Alikuwa na nia njema. Methali humtoka kama kikohozi, hazipitii kichwani. Lakini mara ilipotoka aliiona inakwenda kutua pale ilipotua, kwa mtu anayetazama kijiwe, akafumba mdomo kwa kiganja.

— Sikuwa na maana hiyo, ndugu yangu.

— Najua.

— Methali zangu zote ni za kuokota.

— Najua, Kiroboto. Kaa.

Sasa ikawa zamu ya Kipara. Watu walidhani ataleta torati, maana aliijua, na ilikuwa wazi. Badala yake akasema:

— Mimi sitakukataza. Kusema kweli, na wazee wa asubuhi hawatakukataza. Watanung'unika, kisha watazoea. Kesi haiji langoni bila mtu wa kuileta. Nani ataileta? Ahikamu atamshitaki mtu aliyemlea? Atara? Anayeweza kupinga ni mmoja, na huyo hawezi kuja.

— Andika wote wawili! Kiroboto alisema. Mwana wa Pelatia na Hoshaya. Kitanda hakizai haramu!

— Jiwe ni dogo, fundi alisema. Na mtu hana baba wawili kwenye muhuri. Ghalani watadhani mitungi ni ya watu wawili.

— Wewe mama, unasemaje? Kiroboto aliuliza.

Mama Zakuri alijipangusa mikono.

— Mimi ningemwandika Atara, ambaye hakuna aliyemtaja. Lakini kwa kuwa nimeulizwa kuhusu hawa wanaume wawili: mtoto alipougua ile homa ya macho, nani alikuwa anambeba mgongoni usiku kucha huku anamwimbia kwa sauti mbaya? Jirani zake tulikoma. Anayebeba ndiye baba. Andika Hoshaya.

Hoshaya alihisi uso wake unapata moto. Hakutegemea kupata mtu upande wake, na sasa kumpata kulimwogopesha. Ilikuwa imebaki kufungua mdomo tu. Jina lake lilikuwa fupi, lingeenea vizuri. Alikwishapima kwa jicho tangu asubuhi.

Fundi aliinua kijiwe chekundu, akakipuliza vumbi. Hakuwa na upande. Alikuwa mtu wa mbali ambaye kazi yake ni kuandika majina ya watu asiowajua, na pengine ndiyo sababu aliuliza, kwa udadisi tu, kama mtu anavyouliza njia:

— Huyu Pelatia alikuwa mtu wa namna gani?

— Pelatia! Kipara alisema, akakaa vizuri, akafurahi kurudi kwenye ardhi anayoijua. Pelatia mwana wa Shebania, mwana wa Igali, mwana wa...

— Huyo nimekwisha msikia. Nauliza yeye mwenyewe. Alikuwaje?

— Alikuwa wa shamba la mwamba mweupe.

— Hilo ni shamba, baba. Mtu. Mrefu? Mfupi? Alichekaje?

— Mrefu, Kiroboto alisema.

— Mfupi, Kipara alisema papo hapo.

— Mrefu bwana, alikuwa anachechemea kidogo.

— Aliyechechemea ni Hanani.

— Hanani si ndiye aliyekuwa anaimba kwenye mavuno?

— Aliyekuwa anaimba ni Ithrani, na hajafa, jana nimemwona anateka maji.

— Basi yule aliyeumwa na nyoka, akamtukana nyoka mpaka watu wakacheka.

— Huyo alikuwa baba yako!

Kiroboto alikumbuka. Kweli, alikuwa baba yake.

Kipara alifumba macho, akapandisha kidole, kama anavyofanya akitafuta jina lililojificha kwenye ukoo. Alikaa hivyo. Kidole kikashuka polepole. Akamtazama Mama Zakuri, naye akatikisa kichwa. Yeye aliolewa Beth-Zera mwaka uliofuata msiba. Ndipo ikawabidi wote waone jambo ambalo hawakuwahi kulitazama. Jina la Pelatia walikuwa wanalitaja kila siku ya Mungu. Ahikamu mwana wa Pelatia, njoo ushike kamba. Ahikamu mwana wa Pelatia, wasalimie nyumbani. Walilitaja vizuri, kwa heshima, bila kukosea, na ndani ya jina hamkuwa na mtu.

— Mabega atakuambia, Kipara alisema. Ndiye ndugu yake.

Hoshaya aliweka bakuli chini. Alimtafuta kaka yake. Hakuwa na wasiwasi, alijua atampata, kama mtu anavyojua kuna kisu ndani ya mfuko na kuingiza mkono. Akaiona njia ya kwenda shamba la mwamba mweupe, asubuhi, umande. Akaliona jembe begani. Akauona mgongo wa kijana anayetembea mbele yake, kanzu imelowa mpaka magotini. Akamwita. Kijana akageuka, na uso uliogeuka ulikuwa wa Ahikamu.

Akarudia. Njia, jembe, mgongo. Akageuka Ahikamu tena, anacheka.

— Alikuwa akitangulia, Hoshaya alisema.

Walingoja.

— Tukienda shamba. Yeye mbele, mimi nyuma.

— Halafu? fundi aliuliza.

— Basi.

Nje ya lango punda mmoja alilia, wa pili akamjibu kutoka bondeni. Mitungi ilikuwa inakuja.

Hoshaya alikuwa akitazama mikono yake. Viganja vipana, vidole vifupi, dole gumba lililopinda nje. Ahikamu alikuwa na dole gumba hilohilo. Alikuwa na mabega hayohayo; watoto wa mtaani walishaanza kumwita Mabega Madogo. Akikasirika alinyamaza kama Hoshaya, akiimba aliharibu wimbo kama Hoshaya. Mtu yeyote aliyemjua Hoshaya, akikutana na Ahikamu njiani, hata Dameski, angesimama. Hoshaya alikuwa amekwisha andikwa, tena mahali ambapo mchonga mihuri hafiki. Na yule mwingine, aliyekuwa akitangulia, hakuwa na dole gumba popote duniani. Hakuwa mrefu wala mfupi. Alikuwa na neno moja, na neno hilo lilikaa salama kwa sababu kijana mmoja hai alilibeba nyuma ya jina lake. Likitolewa hapo, hapatakuwa na kitu cha kufuta tena.

— Chonga Pelatia, alisema.

Fundi akamtazama kuhakikisha.

— Mwana wa Pelatia. Herufi zote. Usimbane.

Sauti ilimtoka nzito kuliko alivyotaka, na nyuma ya sauti yakaja majivuno, ambayo hakuyatarajia kabisa. Alikuwa amedhani kwamba akilisema neno hilo atajiona maskini. Badala yake alijiona kama mtu aliyebeba kitu kirefu mlimani, akafika nacho hakijavunjika. Katika mji huu wa watu wenye majivuno, akawaza, wako wangapi waliomrudisha mtu kutoka kwa wafu na kumwekea shamba lake limepaliliwa?

Chombo kikaanza kukwaruza. Kipara alisafisha koo.

— Kuanzia leo, alisema, nikitaja koo, nikifika kwenye mlango wenu sitapita haraka. Nitasema: Ahikamu mwana wa Pelatia, ambaye nyumba yake ilijengwa na Hoshaya ndugu yake, akalima mashamba mawili, lake jioni na la...

— Acha, Kipara, Hoshaya alisema. Ukoo ulivyo tu unatulaza usingizi.

— Nitayaweka maneno hayo!

— Utachanganya watu. Utasema mimi ndiye niliyechechemea.

Wakacheka, kicheko cha chini, kama watu wanaotoka matangani. Kiroboto aliinuka, akatoka alipokuwa, akaja kukaa karibu na Hoshaya, bega lake likifika kwenye kiwiko cha mwenzake, na kwa ajabu akakaa hapohapo.

Ahikamu aliingia langoni akiongoza punda wawili, vumbi mpaka kwenye nyusi, mitungi imefungwa kwa kamba kila upande. Alipita kiubavu kati ya punda na ukuta.

— Amani kwenu, wazee wangu. Amani, mama.

— Amani, mwana wa Pelatia, wakajibu, na hawakuwahi kuitikia kwa sauti moja namna ile. Hata yeye aliwatazama mara mbili.

Fundi alikuwa amemaliza. Alifinya donge la udongo mbichi, akabonyeza kijiwe chekundu, akakiinua. Mistari miwili ilibaki pale, midogo, safi, kama nyayo za ndege. Ahikamu aliinama akaitazama kwa furaha ya mtu asiyejua kusoma anayetazama jina lake.

— Imesemaje?

Hoshaya naye hakujua kusoma. Alichukua lile donge mkononi, akaweka dole gumba lake lililopinda chini ya mstari wa juu, akalisogeza kutoka kulia kwenda kushoto bila haraka, kisha mstari wa chini. Akasema kwa nguvu, askari wa juu ya lango asikie, na wanawake waliotoka kisimani wasikie, na wengine wote walio chini kuliko hao:

— Ya Ahikamu, mwana wa Pelatia.

Kijana aliitikia kwa kichwa. Akangoja kidogo, kama mtu anayedhani kuna maneno mengine. Akamtazama Kipara, ambaye alikuwa anachungulia ndani ya bakuli. Akamtazama Kiroboto, ametulia tuli. Akamrudia aliyeshika udongo.

— Mbona mko hivyo? Kwani ingesema nini tena, baba?

Mama Zakuri aliinamisha mtungi wa divai, ukatoa tone moja.

— Imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwomba.